Matabishi kwenye Kopo la Magunzi

Makala yaliyoiva, yale makaa ya kupikia, yanalia. Chukua vipande viwili, vigonganishe: vinatoa sauti nyembamba kama ya glasi, na mkono haubaki mweusi sana. Yasiyoiva yanasema buu, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake, na ukiyapikia yatakutoa machozi hata kama hujafiwa. Hayo niliyajua kabla ya kujua kusoma. Mama yangu anauza makala ya kupikia huko Kadutu, pembeni ya njia ya kushukia sokoni, na mimi nimekulia nyuma ya magunia yake, nikigonga vipande na kusikiliza.

Shuleni nilifika mwaka wa nne wa sekondari, nikasimama hapo. Si kwamba nilishindwa masomo. Karo ilichoka kabla yangu. Nilibaki na ndoto, maana ndoto hazina karo. Siku moja nilikuwa nimewasha taa kwenye vilima vyote vya Bukavu, siku nyingine nilikuwa na mtumbwi wa kwenda kisiwa cha Idjwi unaotembea bila petroli. Mama alikuwa ananiambia, "Hizi ndoto zako zingekuwa na uzito, ningezitia mu gunia nikaziuzisha."

Ndipo akaja mama mmoja wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni, mwalimu wa kemia kwenye shule moja ya Ibanda. Baadaye nilikuja kumwita Maman Prof, basi nimwite hivyo tangu sasa. Alikuwa ameshika kidude chenye waya mbili, mwekundu na mweusi. Alichutama mbele ya magunia yetu, akawa anagusa kipande kimoja kimoja kwa zile waya na kuangalia namba. Akina mama wa pembeni wakaanza kucheka.

"Maman, uko unapima makala homa?"

"Naangalia kama inapitisha courant ya umeme," akajibu, wala hakukasirika. "Ingine inapitisha, ingine inakataa."

Mimi nilishindwa kunyamaza. Nilichukua kipande, nikakigonga, nikamwambia, "Hii itakubali." Akagusa, kikakubali. Nikagonga kingine. "Hii itakataa." Kikakataa. Tuliendelea hivyo mpaka kikapu kikajaa, na nilikosea mara moja tu, kwenye kipande kilichokuwa na udongo.

"Nani alikufundisha?" akaniuliza.

"Masikio, Maman."

Alicheka mpaka miwani ikaanguka kifuani. Alipokuwa anainuka, Mama akamwekea juu ya kikapu vipande vinne vikubwa ambavyo hakuviomba. Kwetu hakuna biashara bila matabishi, ile nyongeza ya juu ambayo muuzaji anaiweka kwa moyo wake. Wengine wanaiweka kidogo, kwa kulazimika. Mama anaiweka kama sala. Chombo kisichokuwa na kichwa, kilichoishia mdomoni tu, kwake ni tusi analomtukana mtu mbele ya watu.

Kabla ya kuondoka aliniomba nije kumsaidia, na Jumatatu iliyofuata nilianza kazi kwa Maman Prof.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya shule, na dirisha lake lilitazama ziwa. Ndani kulikuwa na vyungu vidogo vya udongo, vile vile vya sokoni, vimepangwa kwenye mbao safu tano, kila safu vyungu vinne. Ndani ya kila chungu kulikuwa na tope la ukingo wa ziwa, kitambaa cheusi chenye waya, na maji machafu tuliyoyatoa kwenye jiko la shule na, samahani, kwenye choo cha wavulana. Hayo ya choo yaliletwa na mlinzi wa lango, mzee mchangamfu tuliyemwita papa santinele. Kila asubuhi alitua kidumu mlangoni na kusema, "Petroli yenu hiyo." Kisha anaondoka akiziba pua kama mfalme.

Maman Prof alinieleza kazi yote siku ya kwanza, polepole, kwa maneno ninayoweza kubeba. Ndani ya tope kuna vijidudu vidogo visivyoonekana. Vinakula uchafu wa maji, na vikila vinaachia umeme, kidogo sana, kama jasho. Waya wa ndani unaupokea na kuupeleka nje ya chungu. Nje kuna hewa, na hewa ndiyo inayotakiwa kuupokea umeme ule ili mzunguko ukamilike.

"Sasa shida ni hewa," akasema. "Hewa ni mvivu. Inafika pale, inasimama tu."

"Kama watu wa mlangoni kanisani," nikasema. "Wanasimama nyuma mpaka protokole aje awashike mkono, awakalishe."

Akanitazama. "Njo vile kabisa. Natafuta protokole."

Protokole aliyejulikana ni platini. Maman Prof alikuwa na kichupa chake kimoja cha unga mweusi uliochanganywa na platini, kidogo kama cha dawa ya macho, na kwa bei yake mtu angeweza kufuga mbuzi. Huo alikuwa ameupaka nje ya vyungu vya safu ya kwanza tu, ili uwe wa kupimia wengine. Alichotaka yeye ni makala: unga wa makala ya vitu tunavyovitupa, unaoweza kufanya kazi ile ile bila kuuza mbuzi. Safu ya pili tulipaka makala ya mikaratusi, ya tatu makala ya maganda ya kahawa, ya nne tungepaka makala ya magunzi ya mahindi. Ya tano haikupakwa kitu. Yenyewe ilikuwa ya kuonyesha umaskini wa chungu kitupu.

Juu ya kila safu alitundika saa ya ukutani, zile za bei ya chini zenye mishale, akatoa betri na kuunganisha waya za vyungu mahali pake. Safu yenye nguvu, saa yake itatembea. Safu dhaifu, saa itasimama, na utajua kabisa ilikufa saa ngapi. Mimi niliipenda sana akili hiyo.

Kisha akanipa kaye, daftari la kuandikia kazi yetu, na sheria moja tu.

"Andika kila kitu kinachoingia mu kopo ya kuchomea makala. Kila kitu. Hata kama ni nzi anaangukamo, andika: nzi moja."

"Ndiyo, Maman Prof."

Chumba hakikuwa na jiko, kwa hiyo makala ya kwanza hadi ya mwisho niliyachoma nyumbani, kwenye kiwanja chetu. Unachukua kopo la maziwa ya unga, unalijaza magunzi makavu yaliyovunjwa, unafunga kifuniko chenye tundu dogo la kutolea moshi, unalizika katikati ya moto mkali tangu saa sita mpaka jua linaposhuka. Halafu unaliacha lipoe lenyewe. Ukilifungua mapema, hewa inaingia na unabaki na majivu.

Siku ya magunzi nilijaza kopo nikaenda bombani kuchota maji. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi, kopo lilikuwa tayari motoni na Mama anapuliza moto. Nilimshukuru.

Kesho yake asubuhi nililifungua. Magunzi yalikuwa mazuri, mepesi, yanalia. Lakini katikati yake kulikuwa na vitu vya mviringo, vyeusi, vinang'aa. Nikatwaa kimoja. Kilikuwa na tundu dogo ubavuni, lile tundu la mdudu. Nilijua mara moja.

"Mama, haya ni maharagi."

"Iko maharagi, ndiyo," akasema, anaendelea kufunga kitenge chake. "Ile yenye ilitobolewa. Singeweza kuipika, na kutupa chakula siwezi. Kopo yako ilikuwa haijae."

"Mama, ilijaa."

"Ilijaa wapi? Magunzi inaachaka nafasi. Ukiitikisa, inashuka. Unataka kumupelekea Maman Prof kopo nusu? Nilitiamo mikono mbili, matabishi yake."

"Lakini haiko ya kula, Mama."

"Matabishi ni matabishi," akasema, akabeba gunia lake akashuka sokoni.

Nilikaa na kopo magotini. Magunzi mengine makavu sikuwa nayo. Ingebidi kungoja siku tatu nne. Kuchambua maharagi moja moja nilijaribu, nikachoka, mengine yalikuwa yameshavunjika yakachanganyika. Na nikaona aibu. Aibu si yangu tu, aibu ya Mama: kwamba Maman Prof, mtu aliyesoma mbali, ajue kuwa mama yangu alimwekea maharagi ya wadudu kwenye kazi yake ya sayansi. Nikajiambia, maharagi mangapi hayo, yatafanya nini. Nikatwanga yote kwenye kinu, nikaosha unga kwa maji ya ndimu kama nilivyofundishwa, na kwenye kaye nikaandika kwa mwandiko mzuri: magunzi ya mahindi, kopo moja.

Nzi sikumwandika.

Tulichanganya unga na gundi, tukaupaka kwenye safu ya nne, ukakauka, tukaunganisha saa. Saa ya safu ya tano haikutembea hata mara moja. Mshale ulitetemeka tu kama mzee anayetaka kuinuka kwenye kiti. Ya mikaratusi ilitembea siku moja na nusu. Ya kahawa ilifika siku mbili. Ya platini ilitembea. Na ya magunzi ilitembea pamoja nayo, wiki nzima, kisha wiki ya pili, tik tik tik, hakuna aliyemtangulia mwenzake.

Siku hizo ndizo za furaha kuliko zote. Maman Prof alikuwa anaingia asubuhi bila kuvua koti, anaenda moja kwa moja kuziba masikio yake na kuyazibua, anaziba na kuzibua, ili kuhakikisha kwamba sauti iko kweli. Alipiga simu kwa wakubwa wa shule, wale waliomwazima chumba. Wakasema watakuja kuona. Kulikuwa na mpango wa kuweka vyungu kwenye choo kipya cha wanafunzi, na pia kulikuwa na mpango mwingine, wa kukifanya chumba chetu stoo ya sementi. Mmoja kati ya mipango hiyo miwili ungeshinda siku ya Alhamisi ya wiki ya tatu tangu simu ile.

"Wataniuliza kitu moja," Maman Prof aliniambia. "Wataniuliza kama naweza kufanya tena. Kitu chenye kinatokea mara moja, si sayansi. Ni bahati. Tutengeneze safu ingine ya magunzi, tuiweke pembeni ya ile."

Mimi nilitengeneza. Na safari hii nilikuwa mjanja sana. Nilimwambia Mama asiguse kopo, nikakaa kando yake tangu saa sita mpaka jioni, nimelilinda kama mtoto mchanga. Nilitikisa, nikaongeza magunzi, nikatikisa tena. Magunzi matupu, safi, jinsi kaye ilivyosema. Nilijiona nimesafisha dhambi yangu.

Saa ya safu mpya ilitembea siku mbili. Siku ya tatu tuliikuta imesimama saa tisa kasorobo.

Tukarudia. Magunzi mengine, kopo lingine. Ikasimama nayo baada ya siku mbili.

Na safu ya nne, ile ya kwanza, iko pale inatembea tu, kama inatucheka.

Maman Prof hakunilaumu hata kidogo, na ndilo lililoniumiza. Alijilaumu yeye. Alisema labda gundi ilikuwa nzito. Akafanya nyepesi. Akasema labda vyungu vya mara hii vilichomwa sana. Akanunua vingine. Aliacha kuja na chakula. Siku moja papa santinele alisimama mlangoni na kidumu chake, akatazama saa ya safu ya nne, akatania.

"Maman Prof, angalieni nyuma ya ile saa. Labda mulisahau betri ndani."

Ilikuwa utani tu. Alipoondoka, nilimwona Maman Prof anapanda kwenye kiti, anashusha saa, anaigeuza, anafungua kifuniko cha nyuma. Hakukuwa na betri, waya tu. Akairudisha ukutani.

"Nimeanza kujishuku mwenyewe," akasema. Hakuwa anasema na mimi. "Alhamisi nitawaambia nini?"

Nilitoka nje nikajifanya naosha vidumu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, polepole, kama maji yanayoingia kwenye kiatu. Safu ya nne na hizi nyingine zilitofautiana kwa kitu kimoja tu, na kitu hicho nilikijua mimi peke yangu, na Mama ambaye alishakisahau. Lakini nilikuwa naogopa. Nilijiona nafukuzwa, narudi nyuma ya magunia, na ndoto zangu zote zimepigwa ngumi moja. Tena akilini nilimwona Maman Prof akipita sokoni na kumkwepa Mama. Na pia nilijiambia: maharagi? Maharagi ya wadudu yafanye kazi ya platini? Hata mimi ninayeota mitumbwi ya maji ya choo, nilishindwa kuamini.

Jumapili kanisani, protokole, dada mmoja mwenye kitenge cha kijani, aliwashika mkono watu waliosimama mlangoni, mmoja mmoja, akawakalisha. Sikusikia mahubiri yote. Nilikuwa namwangalia yeye na kuwaza vyungu.

Jumatatu nilifika kabla ya Maman Prof. Alipoingia sikumngoja hata aweke mfuko.

"Maman Prof, kaye inadanganya."

"Inadanganya namna gani?"

"Safu ya ine. Haikuwa magunzi peke yake. Kulikuwamo maharagi." Nikaendelea haraka kabla ya moyo kurudi nyuma. "Mama njo alitiamo. Hakujua kama ni vibaya, alikuwa anawaongezea matabishi. Mimi nilijua kesho yake, na sikuandika. Kosa si yake. Ni yangu."

Alikaa juu ya kidumu. Alikaa kabisa, na kanzu yake nzuri, juu ya kile kidumu cha choo. Nilisikia saa zote mbili, ya platini na ya safu ya nne, zikitembea. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu vitu vyangu vya kubeba: kitenge, kandambili, sahani.

"Maharagi gani?" akauliza.

"Yenye kutobolewa. Ya kutupa."

"Ngapi?"

"Mikono mbili. Mikono ya Mama, si yangu. Yake ni mikubwa."

Akavua miwani. Nilidhani analia, na kweli alikuwa na machozi, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

"Wiki mbili," akasema, "wiki mbili niko nalala macho wazi, najiuliza kama akili yangu ingali mzima. Mutoto yangu, na wewe uko hapa pembeni yangu na maharagi mu mudomo."

"Munisamehe, Maman Prof."

"Nitakusamehe, lakini kwanza nikukasirikie kidogo. Ngoja." Akapapasa kanzu yake, kama anaitafuta hasira yake mfukoni. "Nilisema nini juu ya nzi?"

"Mulisema niandike nzi."

"Na hawa walikuwa zaidi ya nzi. Walikuwa wadudu na nyumba zao." Akafuta macho. "Basi. Nimekasirika. Imeisha."

Sijui kama umewahi kubeba gunia la makala kutoka chini mpaka juu ya kilima chetu, halafu mtu akalishika nyuma yako na kulitua. Mgongo unabaki unaelea, na unataka kucheka bila sababu. Mimi ndivyo nilivyokuwa. Nilicheka, nikalia, nikamiminia maji chungu ambacho hakikuhitaji maji.

Kisha akachukua chaki. Kwenye kituo cha afya kuna picha ukutani, samaki, mayai, maharagi, na imeandikwa: vyakula vya kujenga mwili. Akaniuliza kama naijua, nikasema naijua. Akasema kinachojenga mwili ndani ya maharagi kina azoti, wengine wanaiita nitrojeni, na magunzi hayana azoti ya maana. Ukiyachoma pamoja kwenye kopo lililofungwa, moshi wa maharagi unaingia kwenye magunzi, na azoti inashikamana ndani ya makala. Makala yenye azoti yanaikamata hewa vizuri zaidi. Wenzake wa nchi za mbali wanayatengeneza kwa dawa za chupani. "Nilikuwa najua azoti inasaidia," akasema. "Nilikuwa nangoja kuagiza hizo dawa. Kumbe mama yako alishaagiza." Akasimama. "Twende kwake."

Mama alipotuona tunashuka pamoja, na nilikuwa nimemweleza jana yake kwamba nitasema, alisimama na kuanza kupanga makala ambayo yalikuwa yamepangwa.

"Madame, ile maharagi," akaanza kabla hatujafika, "sikukuwa na ubaya. Kwetu hatupeleke kopo nusu kwa mutu."

"Maman, sikuja kugomba. Naomba tu unionyeshe mukono yako." Maman Prof akatoa kwenye mfuko mzani wake mdogo, akauweka juu ya gunia.

Hapo palikuwa na kosa. Mbele ya muuza makala hutoi mzani. Akina mama wa pembeni waligeuka, mmoja akainuka ili aone vizuri. Mama akakunja uso.

"Miaka yote hii niko hapa," akasema polepole, "hakuna mutu alishasema naiba kipimo."

"Hapana, Maman, hapana," Maman Prof akashika kichwa. "Napima matabishi yako, si kipimo yako. Nataka kujua moyo yako iko na grame ngapi."

Waliocheka kwanza ni wale wa pembeni. Mama akacheka wa mwisho, lakini ndiye aliyecheka muda mrefu. Shida ikawa moja: maharagi yaliyotobolewa hayakuwepo tena, kuku walishayamaliza. Ilibidi Mama aende kuomba kwa jirani, na nilimsikia jirani akisema, "Mumefika kiasi ya kula haya? Ngoja niwape mazuri." Mama akakataa mazuri. Alirudi na sahani na aibu kidogo usoni, akachota mkono mmoja, akaumwaga mzanini. Maman Prof akaandika. Akachota tena. Akaandika. Mara tano alichota, na mara tano namba ilikaribia kuwa ile ile. Maman Prof alimwangalia kama alivyoniangalia mimi siku nilipogonga makala.

Tulichoma mchana ule ule. Jumanne nilifungua kopo, nikatwanga, tukakwangua unga wa zamani kwenye safu iliyoshindwa na kupaka mpya. Jumatano ulikauka. Mchana wa Jumatano tuliunganisha saa, mshale ukatetemeka, ukasita, ukaanza. Hatukushangilia bado. Ya magunzi matupu nayo ilikuwa imeanza hivyo hivyo. Hata Alhamisi asubuhi isingetosha kuthibitisha, maana zile zilizokufa zilikufa baada ya siku mbili.

Lakini Alhamisi, kabla ya wakubwa kufika, Maman Prof alileta kile kidude chake cha waya mbili. Aligusa safu ya platini, akasoma. Aligusa safu ya nne. Akagusa hii mpya. Kisha akaniita nisome mimi, kwa sababu, alisema, macho yake hayaamini tena. Namba ya safu mpya ilikuwa ndugu wa ile ya safu ya nne, na zile za magunzi matupu, kwenye kaye, hazikuwahi kufika hapo hata siku yao ya kwanza.

"Soma tena," akasema.

Nilisoma tena. Akashusha pumzi ndefu, nadhani ilikuwa imekaa ndani tangu wiki mbili zile.

Wakubwa walikuja watatu. Walitazama vyungu, wakaziba pua kwa heshima, wakauliza unga ni wa nini. Maman Prof akanisukuma mbele. Nilikuwa nimevaa kitenge cha Jumapili. Niliwaeleza tope, vijidudu, hewa mvivu na protokole. Nilipofika kwenye maharagi, sikuyaruka. Nikasema: yaliyotobolewa, mikono miwili ya mama yangu, na mwanzoni niliyaficha. Mmoja wao, papa mnene mwenye kofia, akasema kwake nyumbani maharagi hayo ni mengi na mke wake hajui pa kuyapeleka. Wakauliza kama saa mpya itadumu. Maman Prof akawajibu ukweli: ile ya kwanza bado inatembea, hii tutaiangalia pamoja, waje tena baada ya wiki. Waliondoka. Papa santinele akawasindikiza mpaka langoni, akarudi mbio na habari.

"Nimewasikia. Sementi itatafuta nafasi ingine ya kulala."

Walirudi baada ya wiki, na saa ilikuwa inatembea. Sasa chungu cha kwanza kikubwa kiko kwenye choo kipya cha wanafunzi, na mimi bado niko kwenye kile chumba chenye dirisha la ziwa.

Kitu cha mwisho Maman Prof alichonidai kilikuwa kaye. Alifungua ukurasa ule wa zamani, akanipa kalamu, akaondoka ili nisione aibu. Chini ya magunzi ya mahindi, kopo moja, niliandika: na maharagi yenye kutobolewa, mikono miwili, ilitiwa na mama ili kopo lijae. Nikaongeza kwamba sikuandika siku ile kwa sababu ya woga. Nilitazama kama nimesahau kitu, nikaona sijasahau.

Siku hizi Mama ndiye anayejaza makopo. Mzani uko kwenye kiwanja chetu, juu ya jiwe, umefunikwa kwa kitambaa. Anachota mkono wa kwanza, anapima, anachota wa pili, anapima, kila kitu kwa grame, kama mtu wa farmasi. Mimi naandika. Kisha kila mara, kabla ya kufunga kifuniko, ananiangalia, anachukua punje moja zaidi na kuiweka juu.

"Mama, imeshajaa."

"Wewe andika," anasema.

Basi naandika: na punje moja.